“Sukari yangu inakaa Arua, Bombo haiendi”: kisa cha insulini ya Hajati

Hiki kisa nimekaa nacho miezi mingi kabla sijakiandika. Mimi natoa dawa kwenye kliniki moja ya binafsi hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, na kosa ninaloeleza lilitokea ndani ya friji ambayo mimi mwenyewe ndo nilikuwa naifungua kila asubuhi na kuandika joto lake kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Jina la kliniki na la mgonjwa nayaacha, ila namba za sukari na za dozi zipo kwenye daftari langu na ndizo ninazotumia hapa. Nawaandikia wenzangu wa maduka ya dawa, na yeyote mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani, manake sisi watu wa huku kwenye joto tumefundishwa kuogopa jua tu.

Mgonjwa tumwite Hajati, mtaa mzima unamwita hivo. Ana miaka 63, sukari anayo siku nyingi, vidonge vilishindwa akahamishiwa insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maziwa ya 30/70, yani asilimia 30 inafanya kazi haraka na 70 inafanya taratibu kutwa nzima. Alikuwa anachoma yuniti 18 asubuhi na 10 jioni. Anayemchoma ni mjukuu wake wa miaka 14, anamwita haboba, yani bibi, kijana mtulivu sana, anaosha mikono, anakizungusha kichupa kwenye viganja mpaka dawa ichanganyike, anahesabu kwa sauti, na kila kitu anaandika. Kwa dozi hiyo sukari ya alfajiri kabla ya chai ilikuwa kati ya 6 na 9 (namba zote za sukari hapa ni milimoli kwa lita), na kwa umri wake sisi tuliridhika.

Mwezi wa kumi ikaanza kupanda. 11, 13, halafu 15. Daktari wetu akamwuliza maswali ya kawaida, unakula nini, unakunywa chai na sukari, umeruka sindano, Hajati akajibu kila kitu na mjukuu akaleta daftari, hakuna siku iliyorukwa. Dozi ikapandishwa 22 na 12. Haikusaidia. Mwezi wa kumi na mbili ikawa 28 na 16, na katikati ya mwezi wa kwanza tukafika 34 na 18. Jumlisha uone, kutoka yuniti 28 kwa siku hadi 52, na kichupa kimoja cha mililita 10 kina yuniti 1000, kwa hiyo kichupa kilichokuwa kinamchukua mwezi na zaidi sasa hakifikishi hata siku 20. Mama huyu anauza vitenge sokoni, na kila akirudi kununua kichupa kingine pesa inaingia kwetu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kuna kitu kwenye daftari tulikiona tukakipita. Sukari yake haikuwa inapanda tu, ilikuwa inaruka. Siku moja alfajiri 18, kesho yake 5, keshokutwa 16, na chakula ni kilekile na dozi ni ileile. Mtu ambaye dozi yake ni ndogo sukari yake inakaa juu kila siku, hairukiruki namna hiyo. Ile ilikuwa inasema kwamba kinachoingia mwilini leo sio kilichoingia jana, ila sisi tulisoma wastani tu tukapandisha dozi.

Mwezi wa kumi na mbili kiangazi kilipokaza, kila mtu akapata jibu: joto. Arua kipindi hicho mchana inafika 34 na zaidi, chini ya mabati ndo usiseme. Hajati hana friji nyumbani, kwa hiyo tukamwambia dawa yako inaiva, anza kuihifadhi kwenye mtungi. Akafanya vizuri kabisa, mtungi mkubwa wa udongo wenye maji na mchanga, ndani yake chungu kidogo kikavu, kichupa ndani ya kopo, juu kitambaa kilicholoa, kwenye kona yenye kivuli na upepo. Namba zikabaki zilezile. Sasa nikikumbuka, sukari ilianza kupanda mwezi wa kumi wakati mvua bado inanyesha na hewa ni ya kawaida tu, kwa hiyo joto lingewezaje kuwa chanzo? Hatukujiuliza. Jibu la joto lilikuwa tayari mdomoni.

Basi katikati ya mwezi wa kwanza Hajati akaenda Bombo, mji ulio karibu na Kampala, kwenye harusi ya binti wa dada yake. Ni zaidi ya kilomita 400 kwa basi, na begi lenye insulini likaingizwa kwenye buti chini, akafika jioni akalikuta la moto. Akasema hii imeshaharibika siitumii, na kwa kweli aliamua vizuri. Mkwe wake anafanya kazi Kampala, akanunua kichupa kingine kwenye famasi ya Wandegeya, dawa ileile, mchanganyiko uleule wa 30/70, akaileta jioni.

Asubuhi yake mjukuu akachoma 34 kama kawaida. Hajati akanywa chai, akala mandazi mawili, akaenda kukaa na wanawake wanaochambua mchele. Saa tano hivi akaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyofuatana, anamwita binti yake kwa jina la marehemu mama yake. Wanawake wakaanza kusoma dua. Mjukuu akakimbilia mashine ya kupima, 2.3. Wakampa soda ile yenye sukari kamili, kidogokidogo, baada ya robo saa wakapima tena 3.9, wakampa tena na wakamlisha ugali. Akarudi. Kama yule kijana asingekuwepo, au kama ingetokea usiku watu wamelala, hiki kisa ningekiandika kwa namna nyingine kabisa.

Kliniki ya kule Bombo ikamrudisha kwenye 18 na 10, dozi yake ya zamani. Na kwa siku kumi za harusi, pilau asubuhi, pilau mchana, sukari ya alfajiri ikakaa 6, 7, 7, 8, 6. Akarudi Arua mwisho wa mwezi amefurahi. Kichupa cha Wandegeya akamwachia jamaa mmoja wa Bombo ambaye alikuwa ameishiwa, akaja kwetu akachukua kipya. Siku ya tano alfajiri: 15.

Akaja kliniki akakaa kwenye benchi, akanitazama, akaniita musawo, yani mtu wa tiba kwa Kiganda, akasema, “Musawo, binti yangu, sukari yangu inakaa Arua, Bombo haiendi.”

Nyumbani walikuwa wameshagawanyika. Wengine wanasema ni kijicho cha jirani, wengine maji ya Arua, mkwe wa Kampala anasema dawa za huku ni feki. Mimi ile sentensi yake ilinizuia kulala. Manake alichosema ni kweli tupu, ni kipimo bora kuliko chochote tulichokuwa tumefanya kwa miezi minne. Mtu ni yuleyule, mchomaji yuleyule, bomba la sindano lilelile, chakula cha Bombo kilikuwa kingi zaidi, na sukari ilishuka. Kilichobadilika ni kichupa.

Bado nikapita kila sababu moja moja, sikutaka kukimbilia jibu tena. Bomba la sindano: kuna ya yuniti 100 kwa mililita, kifuniko cha rangi ya chungwa, na kuna ya zamani ya yuniti 40 yenye kifuniko chekundu, ukichanganya hizo unampa mtu dozi isiyo yake. Zake zote za chungwa. Mahali pa kuchoma: paja la kushoto lina vinundu, kweli, na dawa ikichomwa kwenye kinundu inanyonywa vibaya, nikamwambia mjukuu ahamie tumboni. Lakini vile vinundu vilienda Bombo naye. Tarehe ya kuekspaya bado mwaka mzima. Feki: maboksi yetu yanatoka kwa muuzaji wa jumla mwenye leseni na risiti zipo, ila sikulifuta hilo, nililiweka pembeni. Joto la nyumbani: nikachukua themometa nikaenda nayo mwenyewe saa nane mchana, chumbani 34, ndani ya mtungi 26. Mtungi unafanya kazi! Kiangazi hewa ni kavu, maji yanayopenya kwenye udongo yanakauka haraka na kuondoka na joto, kwa hiyo ndo msimu mtungi unapoza vizuri kuliko wakati wa mvua. Insulini iliyofunguliwa inavumilia wiki nne hivi kwenye joto lisilozidi 30, kwa hiyo kwa Hajati hakukuwa na shida yoyote.

Nikabaki na sehemu moja tu ambayo kichupa kinapita kabla ya kufika kwake. Friji yetu.

Karatasi ya mlangoni, ukiiangalia, inapendeza. 5, 5, 5, 4, 5, asubuhi na jioni, miezi yote, mwandiko wangu. Dawa za friji zinatakiwa ziwe kati ya 2 na 8, kwa hiyo 5 ni katikati kabisa, mkaguzi yeyote angetupigia makofi. Lakini ile themometa ilikuwa inaning'inia kwenye rafu ya mlango, pale napoiona nikifungua tu, na mlangoni ndo sehemu yenye joto kuliko zote kwenye friji ya nyumbani. Insulini ilikuwa rafu ya juu, nyuma, imesukumwa mpaka ukutani chini ya kile kisanduku cha barafu, tuliiweka huko makusudi ili ipate baridi zaidi.

Nikaihamisha themometa ikaenda kukaa katikati ya maboksi ya insulini. Baada ya saa mbili: sifuri. Usiku nikamwomba askari wa mlangoni anifungulie, saa kumi alfajiri nikasoma: chini ya sifuri kwa digrii 4. Niliwasha tochi ya simu nikasoma tena.

Nikatoa boksi la nyuma kabisa, likagoma, limeshikana na ukuta kwa barafu nyembamba. Chini limelowa na kukauka na kulowa tena, karatasi yake imefanya mawimbi. Yale mawimbi nilikuwa nimeshayaona zamani, nikadhani ni jasho la umeme kukatika.

Na umeme ndo kiini chenyewe. Friji za mlango mmoja zina kile kifundo cha namba 1 mpaka 7, na namba kubwa maana yake ni baridi kali (kuna watu wengi wanadhani ni kinyume). Chetu kilikuwa kwenye 7 miaka yote. Kwa sababu umeme wa Arua wa zamani tunaujua, unakuja saa chache unaondoka, basi ukija unataka friji ishike baridi yote inayoweza ili ikae mpaka kesho. Kwa hali ile 7 ilikuwa uamuzi wa akili. Sasa mwezi wa tisa mtaani kwetu wakabadilisha transfoma, umeme ukaanza kulala na kuamka nasi, tukashukuru Mungu, tukaacha kununua mafuta ya jenereta, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kifundo bado kiko kwenye 7. Friji ikawa inavuta baridi masaa 24. Mchana mlango unafunguliwa na wateja kwa hiyo inapungua, usiku hakuna anayefungua, inaganda. Na mimi nilikuwa nasoma saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Mwezi wa tisa transfoma, mwezi wa kumi sukari ya Hajati.

Asubuhi nikapanga vichupa mezani, nikazungusha kimoja kimoja kwenye viganja kama mara ishirini, nikavishika kwenye mwanga wa dirisha. Insulini nyeupe iliyo nzima ikizungushwa inakuwa nyeupe sawasawa kote, laini, inakaa hivo kwa muda. Hivi vya kwetu vingine vilikuwa na mabonge kama maziwa yaliyokatika, vingine vimebaki na ukungu mweupe umegandia kioo kwa ndani kama dirisha lenye baridi, na kimoja nyeupe yote ilizama chini kabla sijahesabu hata dakika mbili, juu yakabaki maji. Na vingine vinne vilionekana vizima kabisa, havina hata doa.

Hapa nieleze kinachotokea, kwa sababu ndo kinaeleza ile mirukoruko ya daftari. Insulini hii ya taratibu sio maji, ni chembe ndogondogo za fuwele zinazoelea, na zile chembe zinayeyuka polepole chini ya ngozi. Maji yakiganda yanatengeneza fuwele zake, yanazisukuma chembe za dawa zote pembeni zinabanana, zinashikana, na barafu ikiyeyuka haziachani tena. Dawa inabaki imo ndani ya kichupa lakini imekuwa mabonge na tabaka kwenye kioo. Ukivuta kwa sindano leo unavuta maji mengi na dawa kidogo, kesho bonge linaingia. Mjukuu anasoma yuniti 34 kwenye bomba na kweli ni ujazo wa yuniti 34, ila insulini iliyomo hakuna anayeijua. Joto linaila insulini polepole kama mchwa anavyokula nguzo. MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti mwaka 2021 kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, wakaonyesha kwamba insulini walizozipima zilikaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya 25 na 37 na bado nguvu yake ilikuwepo. Wiki nne! Barafu inahitaji usiku mmoja.

Na insulini ile nyingine inayopitisha mwanga kama maji, isiyo na chembe, ndo hatari zaidi kwa macho, ikiganda na kuyeyuka inaweza kubaki safi kama maji ya mvua, huwezi kujua kwa kuangalia. Ndo maana hata vile vinne vilivyoonekana vizima sikuvirudisha. Dawa iliyoganda haiokolewi kwa kuyeyushwa, na huwezi kumpa mgonjwa kwa kubahatisha.

Sasa shida ikawa kubwa kuliko Hajati. Kwenye rafu hiyohiyo kulikuwa na chanjo za homa ya ini B. Sisi wa West Nile, yani ukanda huu wa Arua, na kaskazini tunajua huo ugonjwa ulivyo huku, watu wanalipia chanjo kwa pesa zao, dozi tatu, ya kwanza, ya mwezi mmoja, ya miezi sita. Ile chanjo ina chumvi ya aluminiamu, na inaganda karibu nusu digrii tu chini ya sifuri, na ikiganda nguvu yake inaondoka. Nikampigia sista mmoja wa kituo cha serikali anayesimamia chanjo, akaja na akanionyesha kipimo cha kutikisa: unachukua kichupa kimoja cha bechi hiyohiyo, unakigandisha makusudi mpaka kiwe jiwe, unakiyeyusha, halafu unakitikisa pamoja na kile unachokishuku, unaviweka bega kwa bega mezani na kusubiri mpaka nusu saa. Chanjo nzima inabaki na ukungu muda mrefu, iliyoganda inatulia chini haraka. Vyetu vilitulia sawa na kile kilichogandishwa. Sista hakusema kitu, akanishika bega tu.

Mzee mwenye kliniki mwanzoni alikataa. Alisema watu wangapi wamelalamika, mmoja, sasa nitupe mali yote kwa ajili ya mtu mmoja? Sio mtu mbaya, alikuwa anaangalia hasara. Nikamwekea mezani vichupa viwili, chenye mabonge na kizima tulichoazima kituo cha serikali, nikamwambia mzee zungusha mwenyewe. Akazungusha, akaangalia muda mrefu, akaniuliza, “Na mama yule alizimia?” Nikamwambia hakuzimia, lakini alikaribia, na alikaribia kwa dawa nzuri kwa sababu sisi tulimzoesha dozi ya dawa mbovu. Akasema toa zote. Tukaziandika, tukazifungia kwenye boksi la dawa zisizotumika, tukatoa taarifa NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda.

Hapo kwenye dozi naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo mtu anaweza kufa. Ukigundua kwamba insulini ya mgonjwa ilikuwa mbovu, ukampa kichupa kizuri na kumwacha na dozi ileile iliyopandishwa, umempiga kwa mkono mwingine. Bombo ilituonyesha hilo bure. Hajati tukamrudisha siku hiyohiyo kwenye 18 na 10, daktari akaandika, na kwa siku tatu mjukuu akapima mara nne kwa siku, kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, akawa ananitumia namba kwa simu. Alfajiri ya kwanza 9, ya pili 8, ya tatu 7. Sukari ya unga na glasi vikakaa kando ya kitanda kwa wiki nzima. Wagonjwa wengine wa insulini waliokuwa wananunua kwetu walikuwa watano, nikawapigia wote, na nilimsemesha kila mmoja mwenyewe, sikutuma ujumbe, kwa sababu huu ujumbe mtu akisoma nusu anaweza kubadilisha kichupa na kusahau kushusha dozi. Watatu kati yao walikuwa wamepandishiwa dozi tangu mwezi wa kumi. Ilikuwa kwenye mafaili yote muda wote, hakuna aliyeyaweka pamoja. Waliochanjwa homa ya ini tukawaita warudie bila malipo, na bado tunatafuta wengine ambao namba zao za simu zimebadilika.

Kusafisha friji nako kulinifundisha. Tulikuta humo vidonge vya aspirini, kapsuli za amoksisilini, pakiti za ORS za kuharisha, vyote viliwekwa na mtu mwenye nia njema kiangazi kilipoanza. Hizo zinataka pakavu na chini ya 30, basi. Friji ina unyevu, boksi linalowa, kapsuli zinashikana, na aspirini iliyopata unyevu ukifungua kopo inanukia siki, ndo inavunjika hivo. Na zikijaa humo zinaziba njia ya hewa, nyuma kunazidi kuganda na mbele kunazidi kupata joto.

Kifundo sikukirudisha kwenye namba fulani kwa kukisia, nilikishusha hatua moja kila siku na kusoma, kikatulia kwenye 3, na najua kiangazi kikiisha itabidi nisome tena upya. Chupa za maji nimezipanga rafu ya chini na mlangoni, umeme ukikatika zile ndo zinashikilia ubaridi, hiyo kazi tuliyokuwa tunaipa namba 7. Insulini iko rafu ya katikati kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, vidole vitatu mbali na ukuta. Themometa ni ile inayokumbuka yenyewe baridi ya chini kabisa na joto la juu kabisa tangu ulipoigusa mara ya mwisho, inakaa ndani ya kikapu. Sasa naandika namba mbili kila asubuhi, ya chini na ya juu ya usiku.

Na usafirishaji, jamani. Tulikuwa tunampa mtu wa boda flaski yenye vipande vya barafu na kichupa ndani ya kaveera, yani mfuko wa plastiki, juu ya barafu, tunajiona tumefanya vizuri. Kichupa kinachogusa barafu iliyotoka tu kwenye friza kinaganda njiani. Barafu iliyofungwa kwenye chupa au pakiti iachwe kwanza nje itoke jasho, uitikise usikie maji yanacheza ndani, ndo uifunge, na kati yake na dawa weka taulo au gazeti zito. Kwa safari fupi ya mjini kitambaa cha maji tu kinatosha.

Kati ya wale watano yuko kijana wa Senior Two, yani kidato cha pili, analala bweni, sukari yake ni ile ya utotoni ambayo bila insulini mwili hauna kitu kabisa. Mwezi wa kumi na moja alilazwa siku nne, anatapika, anapumua kwa haraka, mdomo unanukia matunda, ketoni zimejaa, yani ile asidi inayotoka mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini. Alikuwa na malaria pia wakati ule na hospitali waliandika malaria ndo iliyoamsha. Inaweza kuwa kweli. Kichupa alichokuwa anatumia kilitoka kwetu na kilishatupwa, kwa hiyo siwezi kuthibitisha wala siwezi kukana. Nilienda nyumbani kwa mama yake nikamwambia hivohivo. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kitu kimoja tu, “Na kile kilichopo naye shuleni sahivi kimewekwa wapi?”

Sikujua. Tukaenda wote Jumapili. Matroni alikuwa anakitunza kwa upendo kwelikweli, kwenye friji ya jikoni ya walimu, ndani kabisa, kimelala juu ya nyama. Tulikitoa, tukampa kijana kipya, dozi daktari ameishusha na mashine ya kupima anayo mwenyewe mfukoni. Cha kutumia kinakaa kwenye mtungi mdogo ofisini kwa matroni, cha akiba kiko mlangoni mwa friji na themometa yangu ya pili iko pembeni yake. Matroni anaandika kwenye daftari la hesabu, Jumapili iliyopita alinitumia: chini 4, juu 8.

Hajati alfajiri ya leo, 6.8.